Binti yangu anaenda kusoma Baltimore. Historia ya Maryland aanzie kwa nani?

MamaFatma_Bondeni
Asalaam aleikum jamaa. Binti yangu amepata nafasi ya kusomea uuguzi Baltimore, jimbo la Maryland, na anaondoka mwezi wa nane. Kila nikitafuta habari za jimbo hilo napata orodha ya magavana, ndege wa jimbo, ua la jimbo. Mimi nataka watu. Nani aliishi huko ambaye mtoto wa Mombasa atamuelewa?

Wakili_Tudor
Waaleikum salaam, mama. Aanze na Thurgood Marshall, mzaliwa wa Baltimore, 1908. Kitivo cha sheria cha chuo kikuu cha jimbo lake hakikuwa kikichukua weusi, akaenda kusomea Howard, Washington. Aliporudi alikishinda chuo kile kile kwenye kesi ya Donald Murray, kijana mweusi aliyenyimwa nafasi humo, rufaa ikaamuliwa 1936. Mwaka 1954 akashinda kesi ya Brown, iliyopinga ubaguzi wa rangi katika shule za umma, na 1967 akawa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Sisi Wakenya tuna deni kwake: Januari 1960 alikuwa Lancaster House, London, kwenye mkutano wa katiba ya Kenya, kwa mwaliko wa Tom Mboya, akiwashauri wajumbe Waafrika na kuandika rasimu ya haki za msingi. Alisisitiza hata walio wachache, Wahindi wakiwemo, walindwe.

MtotoWaKuze
Wakili amesema kweli, lakini mimi ningeanzia majini. Maryland imekatwa na ghuba ya Chesapeake, na Baltimore ni mji wa bandari na mafundi wa meli. Humo ndimo alimokulia Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1818 huko Talbot, ng'ambo ya mashariki ya ghuba.

Marehemu babangu alikuwa akikalafati majahazi Bandari ya Kale. Nikimuona akishindilia pamba yenye mafuta baina ya ubao na ubao, gonga, gonga, mpaka maghribi. Niliposoma kwamba Douglass naye kazi yake ilikuwa kukalafati meli, sikukiweka chini kitabu chake cha 1845. Ujira ulikuwa dola moja na nusu kwa siku. Mwisho wa wiki zote anampelekea bwana wake, Hugh Auld. Akimletea dola sita, mara nyingine bwana humrudishia senti sita, eti kumtia moyo. Senti sita! Babangu hakuwa na mali, lakini chake alikifunga kwenye pindo la kikoi chake, na matumizi akapanga mwenyewe.

Tena mwambie Fatma hili la kuandika. Mtumwa hakutakiwa kujua kusoma. Maseremala wa meli wakimaliza kuchonga ubao, huutia alama ya mahali utakapokaa: L ubavu wa kushoto, S wa kulia, LF kushoto upande wa omo, yaani mbele, SA kulia upande wa tezi, yaani nyuma. Kijana akazikopi herufi hizo nne. Kisha akawa akiwaendea watoto waliosoma shule, anawaandikia zake, anawaambia haya, nishindeni. Wakiandika zao ili wamshinde, anaziiba. Akiandika kwa chaki kwenye uzio, ukutani, hata barabarani.

Septemba 3, 1838 alipanda treni amevaa kibaharia, na hati ya baharia huru aliyoazimwa na rafiki. Sura iliyoelezwa humo haikuwa yake. Kondakta aliona mchoro wa tai wa Marekani, akampita. Siku ya pili yuko New York.

MamaFatma_Bondeni
Subhanallah. Ahsante sana, kaka. Na wanawake je?

MtotoWaKuze
Harriet Tubman, mama, wa Dorchester, upande ule ule wa mashariki. Babake, Ben Ross, alisimamia ukataji wa magogo yaliyopelekwa Baltimore kuundia meli, na binti akafanya kazi humo msituni. Mabaharia weusi waliosafirisha mbao walijua njia na habari za kaskazini. Alitoroka utumwani 1849, na alipokwisha kuwa huru akarudi, kiasi cha mara kumi na tatu, kuwatoa watu kama sabini. Kurudi ndiko kunakonishinda mimi kuelewa.

Wakili_Tudor
Niongeze moja linalowapotosha wengi. Tangazo la Rais Lincoln la 1863 la kuwaacha huru watumwa halikuwagusa watumwa wa Maryland, kwa kuwa lilihusu majimbo yaliyoasi, na Maryland haikujitenga na Muungano. Huko utumwa ulikomeshwa na katiba mpya ya jimbo, Novemba 1, 1864.

MtotoWaKuze
Mama, akifika aende Fells Point, kuna makumbusho ya Douglass na Isaac Myers ukingoni mwa maji. Myers alikuwa fundi kalafati wa Baltimore. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, weusi walipofukuzwa kwenye viwanda vya meli, yeye na wenzake walichanga fedha wakafungua chelezo yao wenyewe, mahali pa kutengenezea meli. Ya Tubman iko Church Creek, ng'ambo ya ghuba, kwa hivyo atafute wenzake wenye gari.