Mnaowatumia wakulima barua pepe, mbona hamzijaribu kwanza?

Wakuu, nina stationari hapa Tukuyu mjini na uvumilivu umenishinda. Kuna kampuni inanunua parachichi huku kwetu, jina naliacha. Kila msimu inawatumia makatibu wa vikundi ratiba ya uvunaji kwa barua pepe. Katibu anatoka Lwangwa kwa bodaboda na mvua hii ya Rungwe, anafika kwangu tumchapishie. Tunafungua, tunakuta faili linaitwa winmail.dat. Si PDF, si Word, kwenye simu limegoma, kwenye kompyuta limegoma. Mzee wa watu anarudi mikono mitupu. Siku ya gari inafika, kikundi hakijavuna, mzigo unaishia kwa madalali kwa bei ya kutupa.

Na hilo faili lina sababu yake inayojulikana. Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, ikiachwa itume kwa mtindo wa Rich Text, kiambatanisho kinaweza kufungwa humo ndani, na asiyetumia Outlook hakioni. Badilisha mpangilio uwe HTML au maandishi ya kawaida, kazi imeisha! Wangejitumia barua moja tu kwenye anwani ya Gmail wakaifungua kwa simu ya kawaida, wangeliona wenyewe. Lakini wanatumiana humohumo ofisini, Outlook kwa Outlook, kila kitu kinafunguka, wanasema wameshajaribu. Mmejaribu nini, wakati hakuna mkulima hata mmoja anayefungulia barua zenu huko?

Halafu anwani za makatibu wote wamezimwaga kwenye Cc! Kila mtu anaona ya mwenzake, na mmoja akibonyeza "jibu wote" akaandika "nimeipata" inawafikia wote, bando linaliwa bure. Bcc, inayoficha anwani za wengine, ipo kwa ajili hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika nchini tangu Mei 2023, kwa hiyo anwani ya mtu si kitu cha kugawa hovyo.

Nyingine zinaishia kwenye spamu. Nilifungua chanzo cha barua mojawapo, yaani maelezo yake ya kiufundi, nikakuta SPF imefeli na DKIM haipo kabisa. Maana yake seva iliyotuma haimo kwenye orodha ya zilizoruhusiwa na kikoa chao (jina linalofuata @), na barua yenyewe haina saini ya kidijitali ya kikoa hicho. Google tangu Februari 2024 wanataka kila anayetuma kwenda Gmail awe na angalau kimojawapo. Anayetuma zaidi ya 5,000 kwa siku awe na vyote viwili pamoja na DMARC, yaani agizo la kikoa la nini kifanyike barua ikifeli ukaguzi huo.

Niliwaandikia. Jibu lao: waambie makatibu waangalie vizuri. Waangalie wapi tena jamani?

Kama kuna mtu wa IT wa kampuni hiyo humu, nakuomba uje inbox. Nakupa anwani yangu, unitumie ratiba ijayo kabla ya kuwatumia wazee. Nitaifungua kwa simu na kwa kompyuta, nitaichapisha, nitakujibu siku hiyohiyo. Sitaki hata shilingi.