Flamingo wa Nakuru bado wako ama walihama wote?

Baba Kisumu: Habari zenu wadau. Disemba naleta watoto Nakuru, wanataka flamingo na ile miti ya manjano. Bado kuna kitu cha kuona kweli ama nibaki nao tu Impala, ile hifadhi ya wanyama huku kwetu Kisumu?

Mama wa Rhonda: Karibu sana baba. Flamingo wapo ila wamepungua. Ziwa lilianza kufura karibu 2010, maji yakazidi, magadi yakapungua nguvu, na ule mwani wa kijani wanaokula unapenda maji ya magadi, basi wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Inaniuma kusema ukweli. Lakini samaki wako na wamwari, wale ndege wakubwa wanaokula samaki, wanawafuata.

Fundi Njoro: Na migunga mingi ya ukingoni, ndio ile miti ya manjano, ilikufa imesimama ndani ya maji, mikavu kabisa, saa hii ndege wa minandi ndio wanatulia juu. Iliyo mahali pakavu iko poa. Mkifika pale mnaruhusiwa kushuka, waambie watoto wapanguse gome na kidole, wataona ule unga wake.

Mama wa Rhonda: Twiga pia wasisahau! Hawa ni aina ya Rothschild, chini ya magoti ni weupe hawana mabaka. Vifaru wako weusi na weupe. Mkifika Baboon Cliff, ule mwamba wa kutazamia ziwa, fungeni madirisha, nyani wanapora chakula vibaya.

Baba Kisumu: Asanteni sana, tunakuja. Bogoria tutapitia kesho yake.