Tupeane uzoefu: Mlio gani wa filamu umekuganda masikioni mpaka leo?

#1
Heshima kwenu wakuu.

Utotoni kwetu filamu za kutisha zilikuwa za wakubwa. Saa mbili usiku tunafukuzwa kulala, mlango unafungwa. Sasa televisheni ilikuwa imeegemea ukuta wa chumba chetu. Kwa hiyo Jurassic Park ya mwaka 1993 mimi niliisikia kwanza, kuiona ni miaka mingi baadaye. Nimejifunika shuka gubigubi, nasikia kitu kizito kinatembea, kimya, kinatembea tena, halafu ule mngurumo. Nikamuumba mnyama wangu kichwani, mkubwa kuliko nyumba. Siku nilipokuja kumwona yule dinosaria kwenye kioo, sitaki kudanganya, nilimwona mdogo.

Ukubwani nikajua kuwa aliyeutengeneza ni Gary Rydstrom. Alichukua mlio wa mtoto wa tembo, akauvuta ukawa mzito, akauchanganya na wa simbamarara na wa mamba. Na pale dinosaria anapotingisha windo mdomoni, kinachosikika ni mbwa mdogo wa Rydstrom mwenyewe akicheza kuvuta kamba. Kijibwa! Wiki nzima sijalala kwa ajili ya kijibwa kinachocheza.

Haya, wewe wako ni upi? Siyo muziki, tafadhali. Mlio. Nawasilisha.

#2
Wangu ni lile yowe la mtu anayeanguka, wote mmeshalisikia. Lilirekodiwa kwa ajili ya Distant Drums ya 1951, mtu kakamatwa na mamba. Baadaye likapewa jina la Wilhelm, askari anayechomwa mshale kwenye filamu nyingine ya 1953. Fundi sauti Ben Burtt akalifukua, akalitumia kwenye Star Wars ya 1977, na toka hapo likawa utani wa mafundi sauti, kila mmoja anatafuta pa kulichomeka.

Kosa langu ni kumwambia mume wangu. Sasa sebuleni kwetu hakuna askari anayekufa kwa amani. Mtu akidondoka tu, baba watoto anaruka kwenye kiti: "Ndilo lile!" Hata pale ambapo silo.

#3
Mleta mada umenigusa penyewe, mimi ni fundi wa redio na TV.

Ule upanga wa mwanga wa Star Wars, siku ya kwanza kuusikia nilisema hapohapo: huu mvumo naujua, kuna waya mbovu mahali. Nikachekwa. Kumbe Burtt alichanganya mvumo wa mota ya projekta kuukuu na mngurumo alioudaka kwa bahati tu, alipopita karibu na televisheni akiwa na maikrofoni yenye waya uliokatika. Kisha akaupiga mchanganyiko huo kwenye spika na kupunga maikrofoni nyingine mbele yake. Ndiyo maana upanga ukisogea, sauti nayo inapinda. Mimi wateja wananilipa niuondoe mlio huohuo!

Bunduki zao nazo ni nyundo ikigonga waya wa chuma unaoshikilia mnara wa redio. Hii nimejaribu mwenyewe kwa spana. Inatoka vilevile.

#4
Ngoja niwape ya upande wa jikoni.

Tulikuwa watano tunatengeneza filamu fupi. Mimi nikatwishwa sauti kwa sababu nilikuwa na maikrofoni, basi. Ikafika sehemu ya ugomvi. Jamaa akakubali kuzabwa kibao cha kweli, nikarekodi. Kwenye spika kikasikika kama mtu anaua mbu. Tukarudia mara sita, shavu limevimba, na bado ni mbu.

Aliyetutangulia kwenye fani ndiye aliyenieleza habari za Jack Foley wa kampuni ya filamu ya Universal, ambaye kazi hii imebeba jina lake mpaka leo. Unasimama mbele ya picha inayocheza, umevaa viatu kama vya mhusika, unatembea naye hatua kwa hatua. Mfupa unaovunjika ni karoti iliyoviringishwa kitambaa kilicholowa. Theluji ni unga wa wanga wa mahindi ndani ya kifuko cha ngozi, unaukamua kwa mwendo wa hatua. Moto ni nailoni unayoikunjakunja karibu na maikrofoni. Hata kisu cha Psycho ya 1960, kile cha bafuni, kilikuwa kinaingia kwenye tikiti.

Viatu virefu vya mhusika wetu wa kike nilivivaa mimi, mguu wangu namba 43. Nilitembea mchana kutwa kama kuku aliyekanyaga makaa. Kibao nacho kikaja kuwa koti la ngozi lililolowa, linapigwa sakafuni mara moja tu. Mwenye shavu hajanisamehe.

#5
Mleta mada umewasahau wale dinosaria wadogo wenye makucha. Milio wanayoitana nayo ni ya kobe wakipandana. Toka nijue, ile sehemu ya jikoni naicheka.

#6
Mnataja makelele tu. Mimi kilichonitesa ni kimya.

No Country for Old Men ya 2007 karibu haina muziki kabisa. Kuna mahali jamaa amekaa kitandani hotelini, gizani, bunduki mkononi, anasikiliza. Anapiga simu mapokezi, inaita, inaita, hakuna anayepokea. Hatua zinakuja kwenye korido. Kivuli cha miguu chini ya mlango. Kinaondoka. Halafu unasikia balbu inafunguliwa taratibu, na mwanga wa nje unazimika.

Nilijikuta mdomo umejaa bisi na naogopa kutafuna, asije akanisikia.

#7
Macho yalianza kunitupa mkono nikiwa na miaka ishirini na kitu. Sasa naona mwanga na vivuli. Filamu bado naangalia, na msinirekebishe neno hilo.

Mhusika namjua kwa viatu kabla hajafungua kinywa. Chumba najua ukubwa wake kwa sauti inavyorudi. Naomba niwape mfano mmoja: mwanzo wa Apocalypse Now ya 1979, fundi sauti akiwa Walter Murch. Panga za helikopta zilizunguka ukumbi mzima, shingo yangu ikazifuata mpaka nyuma ya kiti. Zikarudi, zikapungua, zikawa feni ya darini chumba cha hoteli. Rafiki niliyekwenda naye alinisogelea anieleze kinachoendelea. Nikamwambia tulia, nipo.

Kero yangu ni moja. Filamu nyingi za siku hizi mlipuko unapasua sebule, wakianza kuongea wananong'ona. Nyie mna maandishi chini ya picha. Mimi nashika rimoti kama usukani wa lori, pandisha, shusha, pandisha.

#8
Mkuu #7, jana usiku nilifunika kioo cha TV kwa kanga, nikaacha sauti peke yake, nikarudia ile ya dinosaria. Amerudi na ukubwa wake uleule. Dakika ya kumi nikawasha taa.

Halafu fundi #3, huo mnara uliogonga waya wake ni wa nani?

#9
Mkuu, wewe endelea na mada.