MREJESHO: Vile vyuma vya nchani mwa usukani wa pikipiki
Wakuu, niliuliza kama nikitoa vyuma vya nchani mwa usukani (vile vizito vya kupunguza mtetemo) vilivyokuja na pikipiki na kufunga vya kununua, mtetemo utaongezeka. Tayari nimefunga.

Kuchomoa ndiyo ilikuwa shughuli. Skrubu za kiwandani zilipakwa gundi ya kuzuia zisilegee, bisibisi ya kawaida inakula kichwa tu. Fundi wa pale Majengo akazipasha moto kidogo, akatumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo, zikaachia. Aliyeniambia nipime tundu la ndani kwanza, ubarikiwe: nje usukani ni milimita 22, lakini kinachoamua ni ndani, ambamo chuma kinaingia.

Upande wa mafuta tumeacha uwazi mdogo kati ya gripu (mpira wa kushikia) na chuma. Vikigusana, eksileta hairudi yenyewe, na hapo huna pikipiki, una balaa.

Mtetemo sasa. Nilianza na vya alumini: vinapendeza (vijana wa kijiweni walivisifia sana), ila ni vyepesi. Njia ya Kibaigwa viganja vinakufa ganzi. Nikabadilisha nikaweka vya chuma kizito. Mikono imetulia, na vioo vinaonyesha lori la nyuma bila kutetemeka. Vyeusi tu ndiyo sijavipata Dodoma.