Naomba ushauri: kadi ya mtandao inakwama baada ya kusasisha keneli ya Linux

Wakuu, naombeni msaada. Tangu nisasishe keneli (kiini cha mfumo wa Linux) kwenye seva ya ofisini, mtandao wa waya unakatika kila nikihamisha mafaili makubwa. dmesg (amri ya kuonyesha ujumbe wa keneli) inatoa NETDEV WATCHDOG, yaani foleni ya kutuma imekwama, kisha draiva (programu inayoendesha kadi) inaianzisha kadi upya. Nikirudi keneli ya zamani, shwari kabisa. Nikizima TSO (kadi kukata data kubwa vipande vipande yenyewe badala ya kuiachia CPU) kwa amri ya ethtool -K tatizo linapungua ila haliishi, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Nashuku ASPM, ule utaratibu wa kuokoa umeme kwenye PCIe, njia inayounganisha kadi na ubao mama. Nijaribu kwanza kuwasha keneli kwa kigezo cha pcie_aspm=off, au niingie moja kwa moja kwenye git bisect, yaani kujaribu matoleo ya katikati, kila mara nikigawa nusu, hadi nipate badiliko lililoleta tatizo? Nataka niwapelekee wasimamizi wa draiva ripoti inayoeleweka, irekebishwe kwa wote. Aliyewahi kufanya bisect kwenye mashine ambayo watu wanaitegemea kila siku, anielekeze tafadhali.