Manyunyu yasiyofika baharini: kwa nini watafiti wanayapima?

Mwalimu wa Jiografia
Salaam kwenu nyote. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano wameniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. Tulikuwa tukisoma kuhusu mawingu ya chini yanayotanda juu ya bahari karibu na California na Chile, ambayo unene wake mara nyingi ni mita mia chache tu. Manyunyu yake ni madogo, na sehemu kubwa hukauka angani kabla ya kugusa maji. Kwa nini basi watafiti wanarusha ndege usiku kucha kuyafuata?

Mpenda Anga
Mwalimu, jibu limo katika huko kukauka kwenyewe. Wingu la aina hii huishi kwa mvuke wa bahari: upande wake wa juu hupoteza joto, hewa iliyopoa huzama, na hewa yenye unyevu hupanda kushika nafasi yake. Manyunyu huliondolea wingu maji, kisha yanapogeuka mvuke chini yake huipoza hewa ya huko, ambayo ikishakuwa nzito haipandi tena kwa urahisi, na hivyo wingu hukatiwa riziki. Katika utafiti wa DYCOMS-II wa Julai 2001, ndege ya C-130 iliruka kusini-magharibi mwa San Diego, zaidi usiku, kwa kuwa ndipo mawingu hayo yanaponenepa. Rada yake ilionyesha manyunyu mengi kuliko yaliyotarajiwa, hasa pale ambapo utando wa wingu ulikuwa umetoboka.

Binti wa Pwani
Naomba kuongeza habari ya chembechembe za angani, kama za moshi, ambazo vitone vya wingu hujengeka juu yake, maana bila hizo picha haikamiliki. Tone la manyunyu lenye kipenyo cha milimita 0.2 hubeba maji ya vitone elfu moja vya wingu vyenye milimita 0.02. Moshi unapoingia winguni, maji yale yale hugawanywa kwa vitone vingi na vidogo zaidi, ambavyo haviungani kwa urahisi. Mwaka 1989 mwanasayansi wa anga Bruce Albrecht alitoa hoja kwamba wingu la namna hiyo, kwa kunyesha kidogo, litadumu zaidi na kurudisha mwanga mwingi wa jua. Setilaiti huonyesha mistari myeupe mawinguni zilikopita meli zenye kutoa moshi.

Mpenda Anga
Ni kweli, dada, lakini hoja ya kudumu inahitaji tahadhari. Vitone vidogo hukauka haraka hewa kavu ya juu inapochanganyika na wingu, kwa hiyo wingu lenye moshi linaweza hata kupungukiwa maji. Tena manyunyu yenyewe huzifagia chembechembe: kwenye yale matundu ya utando wa wingu hewa huwa safi mno, na ndiyo sababu mwaka 2008 utafiti wa VOCALS, kwa ndege na meli, ulifanyika upande wa Chile, ambako moshi wa viwanda vya kuyeyusha shaba pwani hukutana na hewa safi ya bahari kuu. Kwa kupima mahali pamoja mara moja tu, huwezi kujua kama uchache wa chembechembe ndio ulioleta manyunyu au manyunyu ndiyo yaliyozimaliza.