Filamu zinakwama kwenye TV saa mbili usiku, simu haina shida

Sakina_Juu
Habari wakuu. Nipo Sakina, Arusha. TV ni smart ya inchi 43, ruta ya 4G iko chumbani, katikati kuna kuta mbili za tofali za bloku. Netflix inaanza safi, baada ya dakika kumi picha inakuwa na ukungu, halafu kile kiduara kinazunguka tu. Hasa saa mbili hadi saa nne usiku. Niongeze kifurushi, nibadili ruta au nichukue kiboksi cha Android? Madukani kila mtu ananishauri kile anachouza.

FundiWaya_Kaloleni
Mkuu, usitoe hela kwanza. Pima kwa fast.com (ni ya Netflix wenyewe, inapima kasi kutoka kwenye seva zao), muda uleule unaokwama, sehemu tatu: simu ikiwa mita moja kutoka kwenye ruta, simu ikiwa nyuma ya TV, kisha TV yenyewe kwa brauza yake. Netflix wanataka kasi ya Mbps 3 kwa picha ya 720p, 5 kwa 1080p (Full HD) na 15 kwa 4K, ile kali kuliko zote.

Kando ya ruta ukipata chini ya 5, mnara umeelemewa kwa sababu mtaa mzima uko mtandaoni muda huo, au kifurushi chako cha "bila kikomo" kimevuka kiwango chake na kasi imebanwa. Hapo kiboksi hakikusaidii kitu. Sogeza ruta dirishani, fungua ukurasa wake wa mipangilio utazame RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara yanayofika kwenye ruta): -85 ni nzuri, -110 ni hoi. Kando ya ruta ikiwa nzuri lakini nyuma ya TV mbovu, tatizo ni waifai.

Na hilo la simu kutokuwa na shida lisikudanganye. Simu unaishika ukiwa chumbani, jirani na ruta.

Mdau_wa_Rau
Nipo Moshi, niongezee kuhusu viboksi maana watu wanaumia. Vile vya bei chee visivyo na kibali cha Netflix mara nyingi huwa na Widevine (mfumo wa kulinda video zisiibwe) ya L3, ngazi ya chini, siyo L1. Matokeo yake Netflix inakupa 480p hata ukiwa na Mbps 100. YouTube haijali hilo, kwa hiyo muuzaji anakuwashia video ya 4K pale dukani unaona mambo ni moto. Mwambie aweke programu ya DRM Info, usome mstari wa "Security level" kabla hujalipa.

Ukichukua fimbo ya HDMI (kile kidude kidogo cha kuonyeshea filamu kinachochomekwa kwenye TV), usiipe umeme kutoka tundu la USB la TV. Matundu mengi hayo hutoa ampea 0.5 tu, fimbo inajizima katikati ya filamu. Tumia chaja yake ukutani.

Sakina_Juu
Nimepima saa tatu usiku. Kando ya ruta 19, nyuma ya TV 3.1, TV yenyewe 1.8.

FundiWaya_Kaloleni
Basi jibu unalo, ni kuta. TV yako ikiwa inashika waifai ya masafa ya 2.4 GHz peke yake, unagombania chaneli na majirani. Masafa ya 5 GHz yana kasi ila bloku zinayamaliza. Vuta kebo ya mtandao ya Cat6 kutoka kwenye ruta hadi TV; mwisho wake ni mita 100, kwa hiyo ndani ya nyumba huna wasiwasi. Chagua ya shaba tupu: kwangua waya kwa kisu, ukiona weupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba.

Kubana RJ45 (kile kichwa cha plastiki cha kebo), pande zote mbili panga hivi, klipu ikiwa chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Mafundi wengi huharibu kwenye kijani. Wanaweka jozi zote pamoja kwa kufuata rangi, taa ya ruta inawaka kama kawaida, lakini waya namba 3 na 6 zinakuwa zimetoka jozi tofauti. Zinaingiliana mawimbi, data inapotea njiani, na wewe unarudi kulaumu mtandao.

Sakina_Juu
Asante sana fundi. Naona tundu la TV limeandikwa Mbps 100 tu, halitabana 4K?

FundiWaya_Kaloleni
Halibani, 4K ya Netflix inaridhika na 15. Kitakachobana ni bando: 1080p inafika GB 3 kwa saa, 4K GB 7. Kama unanunua GB kwa kipimo, ingia kwenye akaunti kwa brauza, badilisha matumizi ya data ya profaili hiyo yawe ya kati, yaani kama GB 0.7 kwa saa.

Mdau_wa_Rau
Na kebo isipite paipu moja na waya wa umeme. Zikilazimika kukutana darini, zikatane kama msalaba, zisilale sambamba.